Taa ya Kumpishia Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Baba mkwe ameingia jana kutoka Matema. Mguu umevimba, atakaa kwetu akienda kliniki. Jina lake siliandiki hata humu. Mwiko ni mwiko: mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Kijijini rahisi, migomba ya kujifichia imejaa. Hapa Mbugani tuna mlango mmoja, choo kimoja, ua kama mkeka. Asubuhi nilijibanza nyuma ya magunia ya mpunga na sufuria ya uji. Yeye anakohoa ndani ili nipite. Mimi nasubiri apite yeye. Uji umepoa, tumbo limeungua.

Baba kamwambia Hezroni, mume wangu, kuwa hali ikiwa hivi atahamia kwa Wilson, mdogo wake Hezroni. Na shamba la kokoa atampa yule ambaye kwake atapumzika. Nancy, mke wa Wilson, ana nyumba ya milango miwili. Anaitaja milango hiyo kama watu wanavyotaja digrii.

Lile shamba ndiyo shule ya mwanangu Jubilate. Haliendi kwa Nancy.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata! Taa nyekundu za kuzunguka, kama za gari la wagonjwa. Zikizunguka, mimi niko uani, Baba abaki ndani. Zikizima, njia ni yake. Simu inafundisha yote. Mudathiri, fundi redio, kanipa taa kumi za LED na IC mbili, vile vidude vyeusi vya ndani ya redio. Ya miguu minane inapiga mapigo, ya miguu kumi na sita inayapokea na kuwasha taa moja moja kwa zamu. Fizikia niliiacha kidato cha pili, lakini zamu naijua. Nimechota maji bombani miaka yote.

Jumatano, 4 Juni
Nimetoboa mfuniko wa ndoo kwa msumari wa moto, nikapanga taa duara. Nikajaribu moja kwenye betri ya pikipiki. Ikanuka, ikafa. Mudathiri akasema nimeikaanga kama karanga, rizista ya kupunguza umeme nimeiweka wapi. Nikasema simu haikusisitiza. Akauliza simu yangu imesoma wapi.

Akanipa nyingine, na rizista. Kisha ikawaka moja tu na kuganda. IC niliichomeka kichwa chini. Nikaigeuza. Ikazunguka! Jubilate akaifuata kwa kichwa, duara, duara, mpaka akakaa chini kwa makalio. Mwanangu mzuri.

Alhamisi, 5 Juni
Siku nzima hakuna aliyejibanza. Baba kanitumia ndaga, asante ya kwetu, kupitia Hezroni. Nancy kaja kuchungulia. Kasema kwake mtu haendi chooni kwa kuongozwa na trafiki. Nimemkaribisha chai. Bila sukari.

Ijumaa, 6 Juni
Nimebeba mwanangu, nimekwenda sokoni kuuza mchele. Taa nimeiacha inazunguka.

Baba ni mtu wa heshima. Alikaa ndani akinipisha. Akakohoa. Akakohoa tena. Kliniki ikampita. Chai ya asubuhi ikaanza kudai njia. Adhuhuri akaamua kutokea dirisha la nyuma, mguu wake ule ule. Suruali ikanasa kwenye msumari.

Wakati huo Nancy kaleta samaki mbasa wa kukaushwa, wa kumvutia Baba. Kapitia nyuma ya nyumba, nadhani akague vyombo vyangu. Akamkuta mkwe wake ananing'inia. Si uso aliokutana nao kwanza. Akatupa samaki, akakimbia akijifunika kanga kichwani. Jirani yangu Samira ndiye aliyemnasua mzee. Kanisimulia mara tatu, kila mara anakaa chini kwa kicheko. Anasema, “Mama Jubilate, wewe endelea tu kusoma simu.”

Nimelia. Shamba limekwenda.

Jumamosi, 7 Juni
Halijakwenda! Baba kamwambia Hezroni kwamba kwa Wilson hakanyagi tena. Atakaaje nyumba ya mke wa mtoto aliyemwona vile? Atabaki kwetu mpaka mguu upone, na shamba la kokoa ni la Hezroni. Wilson ameshaambiwa.

Kaomba jambo moja tu, taa itolewe pale uani.

Nimetii. Nimeitoa asubuhi hii hii, nimeipandisha juu ya paa la choo, ataiona hata akiwa dirishani. Mudathiri ananitafutia king'ora.