Ndizi za Kumnyamazisha Madamu Dufie

Jumatatu, 12 Mei
Mwalimu mkuu katangaza. Ijumaa anakuja afisa wa utamaduni kutoka Kumasi, atasikiliza hadithi mbili: yangu na ya Madamu Dufie. Atakayempendeza zaidi ndiye atakayeongoza watoto kwenye mashindano ya hadithi ya shule kule Accra. Mimi nafundisha ngoma, Dufie anafundisha kucheza. Sasa bila ngoma atacheza nini, kelele za kuku? Nimekwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nikamwambia nimeshachaguliwa. Hadi jioni kwaya nzima ya kanisa lake ilikuwa inajua. Shati la safari liko kwa fundi. Nikishindwa nitahama mji.

Jumanne, 13 Mei
Njama ya kwanza: kasi. Dufie akifundisha kucheza adowa, mchezo wetu wa mikono na madaha, mpigaji ni mimi. Nikapiga mbio mbio ili ajikwae mbele ya mwalimu mkuu. Wapi! Mama yule taratibu tu, vidole vinazungumza, kitambaa begani, kana kwamba sipo. Akageuka akaniuliza, kaka Okyere, kuna chungu umeacha jikoni? Watoto hoi kwa kicheko. Mkono wa kulia umevimba, tonge la fufu halishikiki. Nikajaribu wa kushoto. Mke wangu akaondoa bakuli. Nimelala njaa.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata! Kwetu msikilizaji ana ruhusa ya kumkatiza msimulizi. Anaruka, anadai siku hiyo na yeye alikuwepo, anaanzisha wimbo, wote wanaitikia, msimulizi anasubiri. Basi Dufie atasubiri mpaka aote ndevu! Nimemwita Abrafi wa darasa la tano, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, pamoja na wenzake. Kila wimbo watalipwa kelewele, zile ndizi za kukaanga zenye pilipili na tangawizi. Abrafi akauliza kama na mimi wanikatize. Nikamwambia, thubutu! Atakayefungua mdomo kwenye hadithi yangu atafagia uwanja mpaka likizo.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemsimulia mbuzi wa jirani hadithi yote. Hakunikatiza hata mara moja. Dalili njema. Shati limekuja. Kola inanikaba, lakini nimependeza, acha tu.

Ijumaa, 16 Mei
Aibu!
Nilianza mimi. Kobe anakwenda kuposa binti wa mfalme. Kimya. Kimya cha matangani. Kobe alipofika mlangoni kwa mfalme, hadithi ikanitoka kichwani yote. Kwa kawaida hapo ndipo mtu anakatiza, wimbo unaimbwa, msimulizi anapata kukumbuka. Nikamtazama Abrafi kwa macho ya kuomba. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Leo ndiyo kaamua kuwa mtiifu! Afisa akamwinamia mwalimu mkuu, akauliza kama watoto hawa wanaumwa. Kobe nikamwacha pale pale mlangoni.

Zamu ya Dufie. Hajamaliza hata sentensi, Abrafi huyo juu: ngoja, Madamu, siku hiyo nilikuwepo! Wimbo. Dufie akajifunga kitambaa, akacheza. Akaendelea na hadithi, wakamkatiza tena, akacheza tena. Uwanja ukawaka moto. Mwishowe afisa mwenyewe akaruka, akaapa na yeye alikuwepo, akaimba vibaya sana kwa furaha. Dufie ndiye kiongozi. Na Abrafi anataka kelewele zake.

Jumamosi, 17 Mei
Asubuhi kwaya mlangoni, imekuja kuniaga kwa nyimbo. Mama mkwe mbele kabisa. Nikatafuta dirisha la nyuma. Mara Dufie naye huyu hapa. Nikajua leo nimeumbuka.

Akawaambia wote kwamba watoto hawachezi bila ngoma, na ngoma za safari hii amemwachia kaka Okyere. Mama mkwe akapiga vigelegele. Nusura nilie, wallahi. Mwanamke ana roho nzuri yule. Mimi akaninong'oneza tu kwamba safari hii nisikimbie.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu, na nimeliona. Njama ilikuwa safi, nilikosea tu mtu wa kumkatiza! Accra shule ni nyingi. Nimeshamwagiza Abrafi: kila msimulizi wa shule nyingine akifungua mdomo, wamrukie na wimbo, tena kwa nguvu zote. Na Madamu Dufie akianza kusimulia, kimya kabisa, asisikike hata wa kukohoa. Wema haulipwi kwa ubaya.

Ndizi nimeshanunua, kikapu kizima.