Kura Mia Nne za Theodory

Jumatatu, 18 Oktoba

Gari la Chama cha Mzinga limepita kijijini asubuhi. Vipaza sauti viwili juu. Mgombea wao wa urais ni Daktari. Wamemwaga kofia, wameondoka. Mchana limekuja gari la Chama cha Taa. Mgombea wao ni Injinia. Wamemwaga fulana. Mimi nilikuwa shambani nachoma mabua. Sikupata hata uzi!

Jirani yangu Lukasi amepata fulana mbili na cheo. Ndiyo, cheo! Wakala wa Taa siku ya kura. Lukasi! Mtu aliyefukuzwa kwaya kwa kuimba sauti yake mwenyewe. Amevaa fulana zote mbili, moja juu ya nyingine, katika jua hili la Mogitu.

Nimekaa nikafikiri. Kijiji kina wapiga kura mia nne hivi. Wote wanabishana: Daktari au Injinia? Kisimani wanabishana. Kanisani wanabishana, kwa kunong'ona. Kura zilizotawanyika hazina uzito. Zikifungwa pamoja kama mzigo wa kuni, lazima awepo mtu wa kuubeba. Na atakayemfikishia Rais mzigo kama huo hasahauliki. Mkuu wa wilaya huteuliwa na nani? Na Rais!

Mke wangu Restituta ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni siasa. Amesema nikimaliza siasa, ndama hawajanywa maji.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimekwenda mjini Katesh na viatu vya harusi. Nimeanza ofisi ya Mzinga. Nimemwambia katibu wao kwamba kijiji chote kiko kiganjani mwangu. Ameuliza kwa cheo gani. Nikasema, kwa heshima. Ameandika jina langu kwenye daftari! Kwa wino!

Kisha nikavuka barabara hadi ofisi ya Taa. Mwenye akili hafungi ng'ombe wote zizi moja. Maneno yaleyale, heshima ileile. Naye akaandika.

Kila chama kitaleta mgeni mzito Jumanne kupokea tamko la kijiji. Mzinga saa nne asubuhi. Taa saa kumi jioni. Hawatakutana. Kilichobaki ni kitu kidogo tu: kijiji kiwe na tamko.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mdahalo nimeufanyia kwenye mashine ya kusaga ya Mama Juliana, maana pale hakuna anayeweza kuondoka kabla ya unga wake. Nimepanda juu ya debe. Nikatangaza hoja: nani awe Rais?

Mama Juliana amesema Daktari, kwa sababu anajua homa ya mtoto ni nini. Lukasi akasema udaktari ule ni wa vitabu, yule bwana hajawahi kushika sindano. Injinia atatujengea barabara. Mama Juliana akauliza, barabara ya kumpeleka mgonjwa wapi? Lukasi akasema, kwa Daktari. Watu wakapiga makofi, ila sijui walimpigia nani.

Akaja Mzee Gidamis, mfugaji wa bondeni upande wa Hirbadaw, na punda wawili wa mahindi. Tukamwamkia shikamoo. Akasimama mbele ya picha mbili za wagombea ukutani. Akazitazama muda mrefu, kama mtu aliye mnadani.

"Huyu ana shingo nzuri," akasema. "Huyu meno yake yametimia. Lakini mimi sinunui ng'ombe kwa picha. Nani kati yao atapita hapa mwezi wa pili, kura zikiwa zimekwisha?"

 Watu wakageukia mashine, kila mmoja akichungulia unga wake.

Nikaona ndio wakati wangu. Nikasema Rais yeyote atapita, mradi tumchague kwa pamoja, kwa kupitia mtu mmoja mwaminifu. Mama Juliana akataka kujua mtu huyo mwaminifu yeye mwenyewe anamtaka nani. Sikuwa nimejiandaa! Nikasema nawapenda wote kwa usawa. Wamecheka mpaka Lukasi akajimwagia unga usoni. Hilo tu limenifariji.

Hakuna tamko.

Jumanne, 26 Oktoba

Aibu! 

Saa nne, Mzinga hawapo. Saa tano, hawapo. Saa sita na nusu wakafika, wakisingizia barabara. Papo hapo wakafika Taa! Saa tatu na nusu nzima kabla ya wakati wao! Lukasi aliwapigia simu waje mapema. Magari mawili uwanja mmoja wa shule, vipaza sauti vinne, nyimbo mbili. Katibu wa Mzinga akanishika mkono wa kulia, akinishukuru kwa kijiji. Katibu wa Taa akanishika wa kushoto, akinishukuru kwa kijiji kilekile. Wakatazamana juu ya kichwa changu. Wakaniachia kwa pamoja. Nikakaa chini bila kukusudia.

Hapo akasimama mwanamke katikati ya watu. Nikajisemea, Mungu wangu, nani tena huyu? Restituta!

Amewaamkia wageni vizuri, kisha akanyoosha mkono kwenye kuta za zahanati ng'ambo ya uwanja. Kuta zile zimesimama miaka saba bila paa, majani yameota wodini.

"Mwaka jana mkamwana wangu Lucia alishikwa na uchungu," akasema. "Tulimbeba kwa machela kwenda kutafuta gari. Alijifungua njiani, kwenye mvua, mimi nimemfunika kwa khanga. Mtoto aliishi mpaka asubuhi. Sasa nauliza. Daktari au Injinia, ni nani ataezeka pale, na lini?"

Nalijua tukio lile. Nilikuwa mmoja wa wabebaji. Nakumbuka nililalamika bega.

Mgeni wa Mzinga akasema suala hilo liko kwenye mchakato. Mgeni wa Taa akasema ni kweli, mchakato upo. Mara ya kwanza kwa siku nzima kukubaliana! Mzee Gidamis akasema kwa sauti kwamba basi hawa ni chama kimoja, tofauti ni nguo. Magari yakaondoka. Moja lilinirushia vumbi. Nadhani yote mawili.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Hoja ya Restituta imepita: kuhusu Rais kila mtu abaki na wake, lakini paa la zahanati lisisubiri mvua za Novemba. Kila kaya ilete bati moja. Mzee Gidamis ameuza dume na kuleta kumi. Lukasi ameleta mawili, mbele za watu, akipita katikati kabisa. Maringo!

Nimesimama kupinga. Nimesema tukijiezekea wenyewe, Rais ajaye atatufanyia nini? Tutakuwa tumemnyang'anya ahadi yake!  Mama Juliana aliniomba nisogee, nimekanyaga misumari.

Nimerudi nyumbani, banda la ndama halina paa. Restituta amepeleka mabati manne. Ndama wamenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaahidi.

Jumapili, 31 Oktoba

Siku ya kura. Nimepanga mstari tangu alfajiri. Mbele yangu mtu wa Daktari, nyuma yangu mtu wa Injinia, wanabishana kupitia masikioni mwangu.

Ndani ya kile kibanda nikagundua kosa kubwa la sheria zetu. Kura ni siri! Sasa Rais atamjuaje aliyempa? Nikamwekea Daktari alama ya vema. Kisha pembeni, kwa mwandiko safi: Theodory, Mogitu, na namba ya simu. Nikatoka mwepesi kama nimeungama.

Jioni wamehesabu. Msimamizi lazima awaonyeshe mawakala kila kura iliyoharibika. Iliharibika moja. Lukasi ameapa kiapo cha kutunza siri, na nadhani alikitunza mpaka mlangoni. Nilipofika kwangu, hata wapita njia walikuwa wanaitaja namba yangu ya simu kwa kichwa.

Karatasi ya matokeo imebandikwa ukutani. Daktari, mia moja tisini na saba. Injinia, mia moja tisini na saba. Zilizoharibika, moja.

Restituta amenipakulia. Amenisogezea ugali. Amenisogezea na mboga, sehemu yenye nyama. Hilo limeniuma kuliko kicheko.

Jumatatu, 1 Novemba

Tangu asubuhi nyundo zinalia zahanati. Lucia anapokeza misumari. Nimekwenda kutazama kwa mbali, nikaona jambo ambalo wote hawajaliona: kwenye paa, mabati manne ya banda langu yamewekwa upande wa barabara. Kabisa! Kila mgeni atakayepita atayaona ya kwanza. Na hayana jina!

Nimepata nusu kopo la rangi nyekundu. Mafundi wakienda kula, napanda. Jina langu lina herufi nane, mbili kwa kila bati. Nitaandika kubwa, ili hata ndege ya Rais ikipita, yeyote atakayekuwa, asome.