Mlango wa Umeme wa Nyumba Isiyo na Gari

Jumatatu, 2 Juni

Leo Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, karudi kutoka kazini, katulia ndani ya gari lake, kabonyeza kidude. Mlango wa gereji yake ukapanda wenyewe! Hakushuka hata kuchafua kiatu. Tena kapiga honi makusudi nitazame. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kuanika nguo. Shuka moja nimeianika mara tatu.

Hilo ningelimeza. Lakini jioni binti yangu kapiga simu. Huyu ndiye daktari wangu wa macho. (Yeye hujiita mpimaji tu, wa duka la miwani. Unyenyekevu huo kautoa kwa baba yake, si kwangu.) Kasema wakwe watarajiwa wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, tuonane, tupange siku ya harusi. Kisha kaniomba jambo moja, moja tu. Mama, tafadhali, usijionyeshe. Tuwe kama tulivyo.

Nikala kiapo. Nikakata simu. Nikaenda kuitazama gereji yetu. Mlango wa mbao, bawaba moja imekufa, umefungwa kwa waya. Mtoto aliyesoma vile aonekane katoka nyuma ya waya? Thubutu!

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia mzee wangu tunaweka mlango wa umeme. Kaweka chini redio aliyokuwa akiifumua. (Amestaafu. Anakusanya redio mbovu, anasema ipo siku zitasema.) Kauliza, mlango wa gereji? Nikasema ndiyo. Kauliza gari liko wapi.

Mume wangu ana tabia ya kutoka nje ya mada.

Ijumaa, 6 Juni

Dukani! Milango mitupu, imejipanga kama inangoja kupigwa picha.

Muuzaji, baba mmoja wa kipara na suruali ya mkunjo, kataka kujua gari letu lina urefu gani. Nikamjibu ni refu. Ni gari la aina gani? La kifamilia. Rangi? Nikamwuliza anauza milango au anaandika posa.

Kanionyesha wa kwanza, unajiviringisha juu kama mkeka. Nikakataa. Ule ni mlango wa duka, mkwe atadhani tumefunga biashara. Wa pili ni bati zima, hutoa tumbo nje kabla haujapanda. Nikaona kabisa unavyompiga mkwe kidevuni. Wa tatu ni wa vipande, unapanda taratibu, unakwenda kulala darini. Huo! Ndio kama wa Mama Pacha. Wake una vipande vinne, kwa hiyo nikataka vitano. Muuzaji kasema kwa kimo cha gereji yangu vinaingia vinne tu. Nikamwambia asinipangie kimo changu. Tumebishana mpaka wateja wengine wakasogea kusikiliza.

Vinne, basi. Ila wangu una vidirisha kwa juu! Wa Mama Pacha hauna hata tundu. Bei sitaiandika humu. Mzee wangu anajua kusoma.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi kaja, ndiye yuleyule aliyemwekea Mama Pacha. Mtu wa maneno mengi. Kanieleza habari za mota, springi, mnyororo, sijui nini. Kuna na jicho. Vidude viwili huku na huku, chini karibu na vifundo vya miguu, vinatazamana. Kitu kikikaa katikati yake, mlango unakataa kufunga, unarudi juu, usije ukambana mtu. Nikaitikia ndiyo, baba, ndiyo, huku nikifuta vidirisha vyangu.

Nikabonyeza rimoti. Mlango ukapanda. Ooo! Kimya, kwa heshima zake, kama mgeni wa maana anayeinuka kitini.

Halafu nikasikia krrrr ng'ambo ya ukuta. Wa Mama Pacha nao umepanda!

Fundi kajikuna kichwa. Kumbe rimoti zetu zimepewa namba ya siri moja. Kaomba aibadilishe yangu palepale, ni kazi ndogo. Nikamwambia asijisumbue, mwanangu, umechoka, nenda kapumzike.

Huruma hiyo nimezaliwa nayo.

Ijumaa, 13 Juni

Sijapata kucheka hivi tangu nilipokuwa msichana. Mama Pacha kafunga, nikafungua. Kafunga, nikafungua. (Wangu nao unapanda na kushuka, ila ukuta unauficha.) Katoka na kiatu kimoja mguuni na ufagio mkononi, kazunguka gereji yake akiuliza nani. Nani! Mimi nipo nyuma ya pazia, nimeuma mtandio.

Baadaye kaniita ukutani. Kasema mlango wake umeingiwa na kitu, wala hakulala. Nikampa pole, dada yangu, nikamwambia labda ni kwa kukosa vidirisha. Hewa, hewa! Mwishowe kaizima mota ukutani kabisa. Kasema kesho anamwita fundi.

Mimi huyo nikarudi kwenye usafi. Kila cha aibu nimekisukumia gereji: kochi lililopasuka tumbo, friji isiyogandisha, mabeseni, magunia ya nguo, na redio zote za mzee. Nyumba inang'aa! Mzee kauliza gari la wakwe litaingia wapi. Nikasema litakaa nje. Na mlango je? Watautazama. Viti nimevipanga uani, vyote vinaelekea mlangoni.

Kanitazama sana, kisha kauliza redio ya mpira iko wapi. Nikamkabidhi ufagio.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika yote, hata ya aibu.

Wakwe wamefika. Mkwe wangu wa kike ni mwanamke wa shani, kajifunga vizuri, viatu vinametameta. Kaketi wima, hacheki. Mumewe naye vivyo hivyo. Mchumba wa binti anatoka jasho. Binti yangu kaniuma sikio: mama, mbona viti vinatazama mlango? Nikamwambia ni kwa ajili ya kivuli.

Mkwe kauliza mzee yuko wapi. Nilimwacha chumbani akifunga tai. Nikasema yuko kwenye simu na wakubwa.

Hapo ndipo mlango wangu ukapanda.

Sijabonyeza mimi! Nawaapia! Rimoti ipo kifuani. Ukapanda taratibu, kwa heshima zake. Kwanza likaonekana beseni. Ndani ya beseni, miguu miwili. Juu ya miguu, suruali ya suti iliyokunjwa hadi magotini. Kisha fulana yenye tundu. Kisha tai! Kisha mzee wangu mzima, kwenye kochi lililopasuka tumbo, redio sikioni, magunia kila upande kama yuko bandarini. Viatu nilivyomnunulia vimemng'ata, kapitia mlango wa ndani kwenda kuloweka miguu na kusikiliza mpira.

Katazama huku. Kasema, "Karibuni, karibuni. Bado sare."

Nikabonyeza. Mlango ukashuka, ukamfunika hadi magotini, halafu ukarudi juu! Beseni limekaa katikati ya jicho. Nikabonyeza tena. Chini, juu. Mara unajipandisha wenyewe nisipougusa. Mzee anafunikwa, anafunuliwa, na kila akifunuliwa anasema karibuni.

Ndipo kichwa cha fundi kikachomoza juu ya ukuta, rimoti ya Mama Pacha mkononi. Alikuwa anaijaribu. Kasema, tena kwa sauti, "Mama, si nilitaka kuibadilisha namba ukanikatalia?" Ubavuni mwake kikachomoza kichwa cha Mama Pacha. Kanitazama mimi, kautazama mlango wangu, kanitazama mimi. Hesabu imemjia.

Lakini si yeye aliyenikata maini. Ni binti yangu. Machozi yamemlenga. Jambo moja tu aliniomba. Nikaogopa kweli. Nikajiona nimemvunjia nyumba mwanangu kabla hajaijenga.

Mkwe wangu kainuka. Nikajua anakwenda garini. Hakwenda garini. Kaingia gereji, kaketi kwenye kochi karibu na mzee, kavua viatu vyake, kashusha pumzi iliyosikika hadi barabarani. Kauliza kama kuna beseni jingine.

Kumbe viatu ni vipya! Kavinunua kwa ajili yetu, vinamng'ata tangu asubuhi, na mwanawe alimkanya asijionyeshe. Alipolisema hilo binti yangu kaniangalia, kaangua kicheko huku anafuta machozi. Mkwe wa kiume kaikuta redio kama ya marehemu baba yake, hatukumpata tena. Viti vimehamia gereji. Siku ya harusi imepangwa hukohuko, kati ya friji na magunia.

Nimemwita Mama Pacha, nimemwomba radhi mbele ya watu. Kasema kanisamehe, ila harusini anakaa mstari wa mbele, na kiti chake nikibebe mimi. Nimekubali. Fundi kabadilisha namba. Binti kaondoka kanikumbatia, kaniomba tena lilelile jambo moja. Nimelia. Nimeahidi. Safari hii kwa moyo.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari usiku kucha. Nimeona kosa ni la beseni.

Mlango wenyewe ulifanya kazi yake barabara. Mkwe kausifia vidirisha! (Kasema vinaingiza mwanga. Ni sifa hiyo.) Sasa watakuja mara kwa mara, ni watu wa nyumbani, nami nimewaahidi kujituliza.

Ila leo nimesikia muziki mzuri kwa Mama Pacha. Kaweka kengele ya mlangoni, haina waya, mgeni akibonyeza inaimba wimbo mzima. Mkwe akija apige hodi kwa mkono, kwangu mimi, mama wa daktari?

Nimempigia fundi. Anayo kama ile, anakuja kesho. Kauliza kama aipe yangu namba yake peke yake.

Nimemwambia asijisumbue.