Harusi ya Rangi ya Lime

Jumatatu, 2 Februari
Ujumbe umeingia kutoka Maskati! Bi Azza, shangazi wa bwana harusi, anataka harusi ya dada yangu Mwatumu iwe rangi moja tu: "lime". Nyumba, sare za kinamama, kila kitu. Mama akauliza nani anajua Kiingereza. Nasri, fundi cherehani jirani yetu, akafungua mdomo. Nikamwahi. Lime ni chokaa! Nimeisoma kwenye mfuko wa chokaa, kwa herufi kubwa. Mama kaniita msomi. Mbele ya Nasri!

Jumanne, 3
Situlii. Nasri kapita barazani, eti lime ni ndimu pia, huenda Bi Azza anataka kijani cha ndimu. Nikamjibu mama wa heshima zake havai achari. Wivu tu. Anautaka usimamizi wa harusi. Nimeagiza kitambaa cheupe, mtaa wetu mzima wa Ngamiani ushone.

Alhamisi, 5
Nimepaka nyumba peke yangu. Chokaa machoni, puani, kwenye chai. Mwatumu kaniomba nimpigie Bi Azza nihakikishe. Macho mekundu, anahofia ukweni watamdharau kabla hajafika. Nikamwambia kuuliza ni kujishusha. Akaondoka. Roho haikutulia. Nikapaka chokaa mkono wa pili.

Jumamosi, 7
Balaa! Ukweni wameshuka kijani kitupu, kama shamba la ndimu lililoota miguu. Kinamama wetu weupe pe, wamejipanga mlangoni. Vigelegele vikakatika. Bi Azza akashika kifua: "Jamani, nani kafiwa? Mbona wote mko eda?"

Mama akaniangalia. Afadhali angenipiga. Nikajificha nyuma ya Nasri, nani mwingine?

Bi Azza akaegemea ukuta. Kuinuka, mgongo mzima mweupe! Wifi zake wakamfuta, mikono ikawa myeupe. Wakashika mabuibui, nayo yakachafuka. Mwatumu akachungulia dirishani, akaangua kicheko kama cha utotoni. Nikajua tumekwisha. Kumbe Bi Azza naye, Nasri alipomweleza kosa la chokaa, akacheka mpaka machozi, akamwambia Mwatumu: "Basi mwanangu, sasa sote ni lime." Ndoa ikafungwa. Mama bado hasemi nami.

Jumanne, 10
Nimejirekebisha. Sibahatishi tena; nimeazima kamusi. Mjomba Asaad wa Maramba, ambaye habari za harusi hazijamfikia vizuri, ameniomba geti lake jipya liwe rangi ya "rust". Mwanawe kachagua. Nasri, bila kuulizwa, eti huenda ni rangi ya hudhurungi tu, akashauri nimwonyeshe mjomba makopo ya rangi kwanza. Makopo ya nini? Kamusi iko wazi: kutu.

Nimepanda basi la Maramba na madumu mawili ya maji ya bahari. Geti lilikuwa linang'aa vibaya sana. Nimelikwaruza kwa msasa, nikalimwagia maji yote. Limeanza kubadilika. Mjomba atafurahi!