Nepi Zinazosubiri Kengele

Kituo cha Kulelea Watoto,
Kijiji cha Ujamaa, njia ya Busawe,
Serengeti.
12 Agosti, 1976

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nikija nyumbani utaniambia nile kwanza, na nikishashiba hasira yangu hupungua.

Ninalalamika rasmi kwa niaba ya makalio ya watoto kumi na tisa. Ya Robi, mwenye mwaka mmoja na nusu, yana hali mbaya kuliko yote. Mama yake, Mokami, ameniambia kwamba kesho jioni akimkuta bado ana upele, Jumatatu atamfunga mgongoni aende naye shamba la kijiji, na wenzake watafuata. Kituo kitabaki na mimi na ubao.

1. Mwezi uliopita Kamati iliona aibu kwamba watoto wetu hutembea na shanga za kiunoni tu, na wageni wa wilayani wanakuja. Ikaazimia kila mtoto avae nepi, na juu yake chupi ya plastiki. Nakubali kwamba plastiki haivujishi. Sufuria yenye kifuniko nayo haivujishi, ndiyo maana viazi huiva.

2. Kamati ikaamua nepi zibadilishwe kengele inapogongwa, saa nne, saa saba na saa kumi, sawa na zamu za shambani, ili pasiwe na upendeleo. Mtoto akikojoa saa nne na dakika mbili, anasubiri saa saba. Nimejaribu kuwaelimisha. Nashoni, mwenye miaka miwili, alinisikiliza kwa makini sana huku akikojoa.

3. Nilimweleza Katibu, Ndugu Rubeni, kwamba ngozi iliyolowa huchubuka. Kwamba nepi ibadilishwe mara tu inapolowa, mtoto aoshwe kwa maji safi bila kusuguliwa, akaushwe taratibu, apakwe samli kidogo, kisha akae wazi apate hewa. Akacheka, akasema, "Binti, umesoma mpaka kidato cha nne uje kutufundisha matako?" Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Nililitafuta jibu siku mbili nikisuuza nepi mtoni, na sijapata lililo bora kuliko hilo.

4. Samli iliyotengwa kwa ajili ya watoto ilipikiwa wali wa wajumbe. Wajumbe hawana upele. Sishangai.

Kwa hiyo naomba:

(a) Azimio la nepi lifutwe lote, moja kwa moja. Watoto wakae wazi mbele ya mgeni yeyote, wa wilaya au wa mkoa.

(b) Kabla ya kura, wajumbe wote kumi na wawili wavae nepi zilizolowa, plastiki juu, wakae kwenye benchi kuanzia kengele ya saa nne hadi ya saa saba wakijadili pamba. Vipimo nimeshavichukua kwa macho mkutanoni. Ndugu Rubeni atahitaji nepi mbili zilizoungwa. Maji nitayateka mwenyewe.

(c) Mjumbe atakayejikuna ahesabiwe kuwa amekubali.

Sifanyi mzaha. Wiki iliyopita Robi alianza kulia kila alipoona mkono wangu unakwenda kwenye pini ya nepi, kabla sijaigusa. Mtoto asiyejua kuhesabu hata mbili alikuwa ameshajua kinachofuata. Hilo linanifuata hadi nyumbani.

Nisalimie Mama Mdogo, Bibi, na wote wa upande wa Nyamisangura. Katibu naye msalimie, angali anaweza kukaa vizuri.

Ni mimi, katika ujenzi wa Taifa na wa ngozi yake,

Agustina Kisyeri
Mlezi wa Kituo

Baada ya sahihi: Naungama kwamba nimevunja azimio. Tangu Jumatatu Robi hajavaa nepi, na bibi yake amekuwa akituletea samli kwenye kikombe. Leo upele umekauka. Mokami amepita mchana, akamgeuza huku na huku kama anayenunua ndama, akasema, "Haya, Jumatatu namleta." Barua hii nimeiandika nikiwa nimempakata Robi, wazi kabisa, kama msimamo wangu unavyodai. Unayoisoma ni nakala ya tatu. Mbili za kwanza zimeanikwa pamoja na gauni langu la mikutano. Kwa heshima naliondoa ombi (a). Tafadhali niachie nepi, nyingi kadiri utakavyoweza. Ombi (b) libaki lilivyo.