Kaseti Arobaini za Bendi Yetu

Jumatatu, 2 Julai 1990. Bukoba.
Albamu imekamilika! Nyimbo nane za roki halisi. Tumerekodi kwenye stoo ya Yashwant, mwenye duka, katikati ya magunia ya chumvi na magodoro. Gitaa langu linaunguruma kupitia ile spika iliyookotwa mpakani Mutukula baada ya vita vya Kagera, na tundu la risasi limo mpaka leo. Rugemalira kapiga ngoma. Damian kaimba amekaa kwenye kreti ya soda, kusimama hawezi tena. Yashwant ananakili kaseti arobaini. Uzinduzi Jumamosi, Kaagya. Nimechoka, lakini umaarufu ni kazi.

Jumatano, 4 Julai.
Damian anarudi kwao Ijumbi. Kaomba kaseti moja. Hajawahi kusikia sauti yake ikitoka kwenye redio, anataka aisikie angali na nguvu. Nikamweleza kwamba kaseti haitoki kabla ya uzinduzi. Omary wa bendi ya rumba akiisikia mapema, ataiba mapigo! Damian akasema sawa waitu, kwa heshima yetu ya Kihaya, atasubiri. Amekonda, saa yake imepanda hadi kwenye kiwiko. Ni ugonjwa huu, na hakuna anayeutaja. Nimemwahidi kaseti ya kwanza kabisa.

Jumamosi, 7 Julai. Kaagya.
Msiba! Watu wamekaa kwenye majani yaliyotandazwa, ndiyo desturi ya matanga huku, majembe chini, hakuna kulima, redio zimezimwa kijiji kizima. Rugemalira kashauri turudi. Mimi niliona watu mia tatu mahali pamoja, nikashauri tupige wimbo mmoja tu, ule wa polepole. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nililelewa na wazazi. Tukarudi. Hiki ni kijiji cha tatu kuturudisha kwa msiba tangu mwezi uliopita. Omary naye hana pa kupiga, kwa sababu hiyo hiyo. Hilo limenifariji kidogo.

Jumatatu, 9 Julai.
Mpango mwingine. Nimeweka kaseti tano dukani kwa Yashwant. Hadi jioni zote tano zimerudishwa. Wateja wanasema ni mbovu, zinakwaruza. Yashwant kasafisha redio kwa spiriti mara mbili, kisha akaniomba radhi kwa kuniharibia kazi. Nikamwambia gitaa ndivyo linavyotakiwa kulia. Akanitazama sana, akaomba radhi tena. Omary kasema ameipenda albamu, hasa pale inapokwisha. Mshenzi!
Mama yake Damian katuma mtu: mtoto anaulizia kaseti. Nimejibu bado kidogo.

Alhamisi, 12 Julai. Goziba.
Akili ni mali! Kisiwani kila mtu ni mgeni, kaja kuvua. Hakuna ukoo, hakuna kijiji cha kuweka majembe chini. Nimevuka na boti ya wavuvi, nikatapika njia nzima. Kaseti zote arobaini zimegombewa kwa nusu saa, nimepewa magunia mawili ya dagaa. Hata ya Damian imekwenda. Nitamnakilia nyingine. Hatimaye wasikilizaji!

Ijumaa, 13 Julai. Goziba.
Nimepita asubuhi kuuliza maoni. Utepe wa kaseti umefungwa juu ya chanja zote za kuanikia dagaa, unametameta, unavuma kwa upepo. Ndege hawasogei. Mvuvi mmoja, Saburi, kanishukuru sana. Kasema utepe wa rumba hukatika haraka, huu wangu ni imara. Nilipomwomba anirudishie japo mmoja, akaniviringishia kwenye kijiti.

Jumapili, 15 Julai. Ijumbi.
Jana Bukoba nilimwomba Yashwant anakili nyingine. Amefuta ule mkanda wa kwanza, tuliorekodia! Kwa huruma, eti nirekodi upya bila mikwaruzo. Leo nimefika kwa kina Damian na uongo niliouandaa njiani. Nikakuta majani yametandazwa.
Damian kafa Alhamisi, nikiwa kisiwani. Mama yake kasema aliulizia kaseti hadi asubuhi ile. Nimekaa kwenye majani na wengine. Sikuutumia ule uongo.

Jumanne, 17 Julai. Ijumbi.
Matanga yameondolewa, watu wamerudi shambani. Mama akaiomba kaseti. Nikaurudisha ule utepe wa kijiti ndani ya kaseti tupu, nikauzungusha kwa penseli asubuhi nzima. Redio ikanuka dagaa. Damian alipoanza kuimba, mama akaishika spika kwa mikono miwili, akasema omwana wange, mwanangu. Akasikiliza wimbo mzima. Kisha akaniuliza kama naweza kuiondoa ile kelele, nimwachie mtoto peke yake.
Nikamwambia haiwezekani, sauti na gitaa vimerekodiwa pamoja. Nililia, na sikuona aibu. Kaseti nimemwachia.

Jumatatu, 23 Julai. Bukoba.
Albamu ya pili! Gitaa maradufu. Nimeapa mbele ya Yashwant kwamba makosa ya kwanza hayatarudiwa: safari hii utepe mwembamba, usiofaa kwa dagaa. Rugemalira ataimba mwenyewe. Anakohoa tangu mwezi wa tano na suruali zinamvuka, ila sauti inakwaruza vizuri, inafaa roki. Kaniuliza kama anaweza kupata kaseti moja tukimaliza tu kurekodi, asikilize na mkewe.
Nimemwambia asubiri uzinduzi.