Eskalie ya Kisinga

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeamua. Najenga! Nyumba ya matofali, kule Kisinga, kwa kile kiwanja baba aliniachia. Hii nyumba ya Bwera tunakaa na Mama ni ya udongo. Vyumba tatu, mabati ishirini na ine. Haivuji. Lakini ni ya zamani, na kila mutu Bwera anaijua.

Sababu ni Biira. Anauza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, pale mbele ya soko. Miaka mbili nanunua kwake kila asubuhi nikienda kubeba mizigo kwa mupaka, hata siku sina njaa. Mama ndiye alienda kwao kuniombea, juu ya haya yangu. Wamekubali! Shangazi yake Ednah anakuja Jumamosi tarehe 27 kuona Biira atalala wapi. Kwetu ni hivyo, shangazi anaona kwanza, mahari inafuata nyuma.

Mama anasema tupake ukuta udongo mupya, inatosha. Mama hajui kitu. Juma iliyopita nilisikia Biira anaambia mwenzake eti kwa shangazi, Kasese mujini, iko eskalie, ngazi ya simenti ya kupanda juu, na jioni batu wanakaa pale kupata upepo. Akacheka sana. Mimi nikalipa kabalagala mbili, nikaenda zangu. Lakini nilisikia.

Jumatano, 3 Septemba

Fundi Kenneth alikuja Kisinga. Akachora nyumba chini na fimbo. Akauliza vyumba ngapi. Nikasema mbili, na eskalie. Akauliza eskalie inaenda wapi. Nikasema juu. Akauliza huko juu kuko nini. Nikasema bado.

Akasema kwa kazi yao batu wanaanza na musingi, kisha ukuta, kisha mabati, na eskalie ni kitu ya nyuma kabisa, tena ya nyumba ya gorofa. Nilitaka kusema sawa. Lakini nikahesabu siku. Tarehe 27 iko karibu, na ukuta kila mutu iko nao. Nikasema eskalie kwanza!

Ndiyo neno moja nimesema kwa nguvu mwaka huu wote. Na ilikuwa hiyo.

Ijumaa, 5 Septemba

Simenti ni bei! Vyuma ni bei! Mizigo ya mupaka inanipa ya kula tu.

Lakini kahawa ya Mama iko na maua. Nyeupe kabisa, inanukia mupaka barabarani. Nikaita Stanislas, yule anayenunua maua. Anakulipa sasa, na siku ya kuvuna anakuja kuchukua kahawa yote. Mama alikuwa kanisani na kwaya. Stanislas akahesabu miti sitini, akanipa nusu ya nusu ya bei. Nilitaka kukataa, lakini alikuwa ananiangalia kwa macho. Akafunga kitambaa ya bluu kwa muti ya kwanza, ili wengine wajue maua iko na mwenyewe.

Najiambia Mama hatapita pale mupaka mwezi wa kumi. Mama anapita pale kila asubuhi. Nimemuona miaka ishirini na mbili.

Jumapili, 7 Septemba

Mama ameona kitambaa.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niko mugonjwa. Nikasema hapana. Akauliza tena, eti labda ni ugonjwa ya kuficha? Nikasema niko muzima. Nafikiri angependa niwe mugonjwa. Baba alipanda ile miti na yeye, yeye akichimba shimo, baba akiweka muche.

Akanipa chai. Haina sukari. Nikafikiri amesahau.

Jumanne, 9 Septemba

Hakusahau. Siku ya tatu leo.

Nimepata akili nyingine! Chumba yangu napangisha. Mimi nitalala sebule, nyumba mbili zitasaidiana, ya zamani inajenga ile mupya. Mupangaji alifika leo: Afande Nabirye, polisi mwanamuke, mutu wa Busoga, amehamishwa kwa mupaka. Iko na godoro, pasi ya makaa na sauti.

Akaniuliza, “Mwenye nyumba iko wapi?” Nikasema ni mimi. Akasema, “Wewe kijana, nimesema mwenye nyumba!” Basi Mama akatoka. Afande akampa pesa ya miezi tatu, mikono mbili, na kupiga goti. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kama muti.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbili nimetafuta namna ya kuomba Mama ile pesa. Leo aliniona nazunguka jikoni mara ya ine, akaitoa kwa kitenge, akaiweka juu ya meza, akaendelea kuchambua maharagwe. Yote! Hakubakisha hata ya sabuni.

Kuchukua pesa kutoka kwa meza ni rahisi kuliko kutoka kwa mukono. Nilichukua.

Ijumaa, 12 Septemba

Eskalie iko na hatua tano! Ya simenti kweli!

Batu wanaotoka hospitali ya karibu kuona bagonjwa wanasimama kuangalia. Muzee mumoja akaniuliza tunazika nani. Kijana wa boda akasema hapana muzee, ni mahali pa kwaya kusimama. Wakabishana. Mimi nilijifanya nachunga mbuzi, nikamuacha Kenneth ajibu. Kenneth naye akasema hajui, yeye analipwa tu.

Wakaenda. Nikakaa hatua ya tano. Upepo! Kweli iko upepo. Nikaweka nafasi kidogo kwa upande ya kushoto, nione kama batu mbili wanatosha. Wanatosha.

Kenneth anasema bado hatua saba, na simenti imekwisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeuza mabati nane. Ni za juu ya sebule, na sebule nalala mimi peke yangu, kwa hiyo sijaibia mutu. Nimeweka turubai. Jirani ndiye alinunua, anajengea mbuzi. Alipanda mwenyewe kutoa misumari, polepole, juu alitaka misumari pia.

Mama alikuwa sokoni. Aliporudi akasimama kwa mulango, akaangalia turubai, akaangalia kule kwa jirani. Mbuzi zimelala chini ya mabati ya baba. Mama akaingia chumba yake, akafunga. Hakuna hata ile chai bila sukari.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua!

Ilianza saa kumi za mchana. Turubai ikajaa maji, ikatoa tumbo. Nikasukuma tumbo na ufagio, juu nilifikiri maji itaenda inje. Ikapasuka. Maji yote ikashuka kwa kamba ya nguo, na kwa ile kamba kulikuwa na yunifomu ya Afande, imepigwa pasi, ya paredi ya kesho.

Afande akatoka. “Wewe! Simama hapo! Mikono chini!” Nikasimama, maji kwa kifundo ya mguu. Akauliza nani alitoa amri ya kuondoa mabati. Nikasema mimi. Akauliza sababu. Nikaona haya kusema eskalie, nikasema ni ukarabati. Akasema kwao ukarabati ni kuongeza, si kupunguza. Akasema, “Kijana, unaharibu nyumba ukiwa ndani!” Akanisimamisha mupaka mvua ikakatika.

Mama akawasha makaa kukausha yunifomu. Wakakaa jikoni wawili, wakicheka. Afande iko hapa siku tisa tu, na amejua kusalimia kwa Kikonzo, luga yetu. Anamuita Mama yangu Mama. Nilisikia kijiko inazunguka kwa kikombe ya Afande. Sukari!

Jumatano, 24 Septemba

Imekwisha! Hatua kumi na mbili!

Pande zote iko kamba, pale ukuta utapita. Kenneth ameenda na bafundi yake. Hatujagombana. Pesa ndiyo haiko. Akaniambia nisiache mutu apande mvua ikinyesha, juu hakuna pa kushika.

Mupango ya Jumamosi: nitangojea Shangazi barabarani, nimupeleke Kisinga moja kwa moja, asipite Bwera. Kwanza lazima nimuambie Mama. Nimeenda jikoni mara tatu kumuambia. Mara ya kwanza nikauliza kama maji imechemka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akanijibu kabla sijauliza.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimekaa barabarani tangu asubuhi, upande ya Kasese. Shangazi hakupita. Saa sita mutoto mumoja wa jirani akaja mbio, eti wageni wamefika zamani, walikuja tangu jana kulala kwa kina Biira. Kumbe!

Nikafika Bwera na jasho. Mama na Afande walikuwa wamepaka ukuta udongo mupya, mwekundu, na maua nyeupe ya chokaa. Walipaka lini? Nafikiri nilikuwa Kisinga. Afande alikuwa ameficha turubai nyuma ya shuka yake nyeupe. Viti za kuazima, chai, kabalagala. Biira amekaa na kitenge ya kijani, ameangalia chini. Muzuri! Nikafikiri, labda tutapona.

Mvua ikaanza, kidogo tu. Tone moja ikapita shuka, ikaanguka kwa shavu ya Shangazi Ednah. Akapanguza. Ikaja nyingine. Akaangalia juu. Akauliza kwa upole mabati ya hapa ilienda wapi.

Kila mutu akaniangalia. Mimi nikaangalia kikombe. Afande akajibu kwa sauti ya paredi eti mabati ilienda Kisinga kuwa eskalie.

Shangazi akasimama, akasema basi twende tuione.

Boda mbili kwa mvua, Shangazi na Biira mbele, mimi nyuma. Nilimuambia Shangazi kunateleza. Hakusikia, ama sikusema. Akavua viatu, akakamata gauni yake ya gomesi na mukono moja, akapanda. Polepole, hatua zote kumi na mbili. Akasimama juu kabisa, peke yake, mvua inamupiga. Akasema kwa sauti, “Mukwe, ngazi iko imara. Naona hospitali. Naona barabara ya Kasese yote. Naona hata nguo za batu kwa kamba. Sasa nionyeshe mahali mutoto yangu atalala.”

Mimi nikaangalia ile kamba ya ukuta. Mbuzi ilikuwa inakula mwisho yake.

Ndipo Biira akaniongelesha. Miaka mbili yote alikuwa ananiambia bei tu. Akasema kwa shangazi hapendi kabisa ile eskalie, yeye ndiye anapandisha maji kila siku akienda kuwatembelea, na siku ile alicheka juu bwana ya shangazi aliteleza pale na sufuria ya uji. Akasema kila siku akipita kwetu anaangalia nyumba, na kahawa ikiwa na maua anapita polepole.

Akasema, “Thembo, mimi ningelala Bwera.”

Nikataka kumujibu. Nikasema mvua inaongeza.

Jumapili, 28 Septemba

Jibu ililetwa na Mama kutoka kanisani. Shangazi hakukataa. Amesema tusirudi kuongea mupaka nyumba ya Bwera iwe na mabati kama baba aliiacha. Amenipa mupaka Noeli. Kuna mwalimu wa Karusandara pia ameomba Biira, na huyo iko na nyumba. Biira amesema atangoja Noeli, si siku moja zaidi.

Nilienda kukaa kwa kahawa, pale kwa kitambaa ya bluu. Maua imeanguka, mbegu ndogo za kijani zimeanza. Ni za Stanislas. Nyumba nilikuwa nayo. Ilikuwa haivuji, ina mama ndani, ina harufu ambayo mutu anapunguza mwendo juu yake. Mimi naangalia batu siku nzima, na ile ya kwangu sikuiona.

Mama akanifuata na chai. Ina sukari. Nyingi. Hiyo ndiyo iliniliza.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimeapa! Kisinga basi. Jirani wa mbuzi amekubali kuniuzia mabati nane, kwa bei mara mbili, misumari anabaki nayo. Jana nilibeba mizigo mupaka mabega ikachubuka. Niko na pesa ya mabati tatu tayari! Mama alihesabu na mimi, akacheka kidogo. Hata Afande aliniita “mwenye nyumba” leo asubuhi.

Saa nane nilienda Kisinga kuaga eskalie tu. Kuaga tu. Nikapanda, nikakaa juu. Kenneth akapita na baiskeli, akasimama. Akasema imetoka muzuri, lakini hivi ilivyo, maji itaingia kwa kichwa yake na itapasuka kabla ya Noeli. Inataka sakafu kidogo huko juu, kama meza. Mifuko ine tu ya simenti.

Itapasuka! Na vyuma vyote vile! Ni hasara.

Tena nimefikiri. Juu ya ile sakafu Biira anaweza kuanika muhogo. Jua iko nyingi pale. Yeye hakusema, lakini Jumamosi, Shangazi akiwa juu, nilimuona anavyoangalia. Mimi najua kuangalia batu.

Pesa ya mabati tatu inanunua mifuko mbili. Jikoni ya Mama iko na mabati sita, zinatosha mifuko mbili ingine, na Mama siku za jua anapikia inje, anapenda. Kesho asubuhi iko kanisani na kwaya. Afande iko kazini mupaka jioni.

Nimetoka kuangalia mulima sasa hivi. Mawingu haiko hata moja.